Kazi Kulea: Pixley ka Isaka Seme katika Uandishi, Gazeti na Uwakili

Pixley ka Isaka Seme (1881–1951) alikuwa mwandishi, mwasisi wa gazeti na wakili wa Johannesburg. Hadi mwisho wa mwaka 1912, akiwa na umri wa miaka 31 tu, alikuwa ameshatoa hotuba iliyomletea medali Marekani na kuchapishwa London, ameshaitisha mkutano uliozaa chama kinachojulikana leo kama African National Congress (ANC), ameshaanzisha gazeti la lugha kadhaa, na ameshawasaidia Waafrika kununua mashamba katika nchi iliyokuwa mbioni kuwapiga marufuku wasinunue. Miaka ishirini baadaye gazeti lilikuwa limekufa, jina lake lilikuwa limefutwa katika orodha ya mawakili, na chama kilikuwa kikidorora chini ya uongozi wake mwenyewe. Maisha ya namna hii huwafanya wasomaji wachague upande: ama wamsifu mwasisi, ama wamlaumu aliyeanguka. Wahenga waliacha kipimo kingine waliposema kwamba kuzaa si kazi, kazi kulea. Kwa kipimo hicho, kazi tatu za Seme hazilingani. Hotuba huzaliwa na kukamilika siku moja. Gazeti hutaka kulelewa kila wiki, na mteja wa wakili hutaka kulelewa hadi shauri lake liishe.

Seme alizaliwa tarehe 1 Oktoba 1881 huko Inanda, kaskazini mwa Durban, katika koloni la Natal, kwenye eneo la misheni ya Waprotestanti wa Marekani. Inanda ilitoa wasomi wengi wa Kizulu. John Langalibalele Dube, aliyemzidi Seme kwa miaka kumi, alitoka hapohapo, akasoma Marekani, akarudi kuanzisha shule ya Ohlange na, mwaka 1903, gazeti la Ilanga lase Natal. Kijana wa Inanda hakuhitaji kuambiwa kwamba shule, gazeti na siasa vinaweza kubebwa na mtu mmoja, alikwishaona. Jina la Pixley lilitoka kwa mmisionari S. C. Pixley, ambaye ndiye aliyemsaidia kwenda Marekani. Kwa jina hilo la kigeni Seme aliongeza "ka Isaka", mwana wa Isaka, akalitumia hivyo maisha yake yote. Alisoma Mount Hermon, shule ya bweni katika jimbo la Massachusetts, akamaliza mwaka 1902, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alikopata shahada mwaka 1906.

Tarehe 5 Aprili 1906, katika mashindano ya hotuba hapo Columbia, alisimama na maandishi aliyoyaita "The Regeneration of Africa", yaani kuzaliwa upya kwa Afrika, akashinda medali ya dhahabu ya George William Curtis. Mwezi huohuo, kwao Natal, Chifu Bambatha alikuwa ameingia vitani na serikali ya kikoloni kwa sababu ya kodi ya kichwa. Seme hakuchagua lugha ya vita. Alianza kwa kujitangaza kuwa Mwafrika, akasema anajivunia asili yake mbele ya wenye chuki, kisha akajenga hoja kwamba mataifa hayawezi kupimwa kwa fimbo moja. Aliyataja mapiramidi ya Misri na makaburi ya kale ya Ethiopia, akaitazama Afrika inayoamka, yenye shule, biashara na miji, ikitoa mchango wake kwa ustaarabu wa dunia. Hotuba ilichapishwa mwaka huohuo katika jarida la African Society la London.

Ni maandishi yenye nguvu na yenye kasoro ya wakati wake. Nguvu yake ni kukataa kuomba. Msemaji hawasihi wasikilizaji wamhesabu kuwa mtu. Anaanzia pale ambapo jambo hilo limekwisha, anaendelea mbele. Kasoro yake ni imani kwamba elimu na ustaarabu wa Ulaya vingefungua mlango kwa yeyote aliyevitwaa, imani ambayo sheria za Afrika Kusini zilikuwa zikielekea kuivunja kipande kwa kipande. Lakini hotuba haikudaiwa kutimiza ilichotabiri. Ilikwisha siku ileile ikabaki kuwa kamili, ndiyo maana iliweza kusafiri. Mwaka 1962, Kwame Nkrumah alipofungua kongamano la kwanza la kimataifa la wataalamu wa mambo ya Afrika mjini Accra, aliwasomea wajumbe hotuba ya Seme. Mwaka 1996 Thabo Mbeki, alipohutubia bunge la Cape Town siku ya kupitishwa kwa katiba mpya, alianza naye kwa kujitangaza kuwa Mwafrika, na waliojua historia walimsikia Seme nyuma ya sauti hiyo.

Kutoka New York Seme alikwenda Chuo cha Jesus, Oxford, akaandikishwa pia Middle Temple, London, kusomea uwakili. Hapo Oxford alikuwa na urafiki na Alain Locke, Mmarekani mweusi wa kwanza kupata ufadhili wa Rhodes, ambaye baadaye alikuwa mhimili wa fikra katika vuguvugu la sanaa la Harlem. Vijana hao walizungumzia umoja wa watu weusi wa pande zote za bahari wakati ambapo nyumbani kwa Seme umoja uliokuwa ukijengwa ulikuwa wa Wazungu peke yao. Tarehe 31 Mei 1910 makoloni manne yaliungana kuwa Muungano wa Afrika Kusini, na bunge jipya likawa la Wazungu tu. Mwaka huohuo Seme alihitimu uwakili na kurudi.

Mlango wa mahakama alikuta umeshasukumwa na mwenzake. Alfred Mangena, Mwafrika Kusini mweusi wa kwanza kuwa wakili aliyesomea London, alikuwa ameomba kuandikishwa Transvaal, na chama cha wanasheria cha jimbo hilo kikapinga kwa sababu ya rangi yake. Mahakama iliamua mwaka 1910 kwamba sheria haikuweka kizuizi cha rangi kwa mawakili, ikamwandikisha. Seme akafuata, na baadaye wawili hao walifanya kazi pamoja. Msomaji wa Afrika Mashariki atauelewa uzito wa jambo hili akikumbuka kwamba Kenya ilisubiri hadi miaka ya 1950 kumwona Mwafrika wa kwanza akiwa na ofisi yake ya uwakili, C. M. G. Argwings-Kodhek.

Johannesburg aliyoingia Seme ilikuwa na umri mdogo kuliko yeye. Dhahabu ilikuwa imeleta mji huo mwaka 1886. Ukifuata barabara ndefu ya Jules kuelekea mashariki kutoka Jeppestown unafika Malvern, kitongoji kilichojengwa mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya Wazungu wafanyakazi na mafundi, karibu na ukanda wa migodi. Katika mahali kama Malvern Mwafrika aliruhusiwa kupita akienda kazini, au kulala uani kwa tajiri wake. Kumiliki nyumba ilikuwa jambo jingine. Nafasi za Waafrika kununua kiwanja na kupata hati zilikuwa chache na zilihesabika: Sophiatown, Martindale na Newclare upande wa magharibi, na Alexandra kaskazini kuanzia mwaka 1912. Hivyo wakili mweusi aliyeweza kusimama mahakamani na kumhoji shahidi Mzungu hakuwa na haki ya kuwa jirani wa fundi mitambo wa Malvern. Mji wenyewe ulikuwa somo la sheria: haki moja imefunguliwa, nyingine imefungwa, na zote mbili zimeandikwa kwenye karatasi. Seme alilisoma somo hilo kwa namna yake. Kama karatasi ndiyo inayofunga, alifikiri, basi watu wake nao wajifunze kuitumia: katiba ya chama, ukurasa wa gazeti na hati ya ardhi.

Alianza na chama. Mnamo Oktoba 1911 aliandika makala katika Imvo Zabantsundu, gazeti la John Tengo Jabavu, akitaka Waafrika wazike magomvi ya Waxhosa na Wamfengu, Wazulu na Watonga, Wasotho na majirani zao, kwa kuwa magomvi hayo ndiyo yaliyowaponza. Ni makala fupi, yenye ajenda zaidi kuliko mapambo, na huenda ndiyo maandishi yake yaliyofanya kazi kubwa kuliko yote. Pamoja na mawakili wenzake Mangena, Richard Msimang na George Montsioa aliitisha mkutano uliofunguliwa Bloemfontein tarehe 8 Januari 1912. Machifu, wachungaji, walimu, makarani na wahariri walikutana, wakaunda South African Native National Congress, iliyobadili jina kuwa ANC mwaka 1923. Dube alichaguliwa rais ingawa hakuwapo, Sol Plaatje akawa katibu, na Seme akawa mweka hazina. Nafasi hiyo ya mwisho ina kejeli yake: mtu wa mawazo makubwa alikabidhiwa daftari la hesabu.

Mwaka huohuo aliasisi Abantu-Batho, gazeti ambalo jina lake linaweka pamoja neno "watu" kwa lugha za Kinguni na za Kisotho. Mtaji ulitoka Swaziland, ambayo leo ni Eswatini, kwa Labotsibeni, bibi aliyetawala kwa niaba ya mjukuu wake mdogo. Kiasi kinachotajwa kwa kawaida ni paundi 3,000. Magazeti ya Waafrika kabla ya hapo yalikuwa ya eneo na lugha moja au mbili: Imvo kwa Waxhosa wa Cape, Ilanga kwa Wazulu wa Natal. Abantu-Batho lilitoka Johannesburg, mahali ambapo reli na migodi vilikuwa vimewachanganya watu wa kila kabila, likawa na kurasa za Kizulu, Kixhosa, Kisotho na Kiingereza. Lililoandikwa na makala ya 1911 kwa maneno, gazeti lililiweka katika mpangilio wa kurasa.

Kuendesha gazeti la namna hiyo kulikuwa mzigo mzito. Kila lugha ilihitaji mhariri wake na mpanga herufi anayeijua. Wasomaji walikuwa makarani, walimu na vibarua waliosambaa kutoka Cape hadi Swaziland, na ada zao zilifika kwa kuchelewa au hazikufika. Wafanyabiashara wakubwa wenye matangazo hawakuwa na hamu ya gazeti lililowasema. Kwa nyakati tofauti kazi ilishikwa na Cleopas Kunene, Daniel Letanka, Saul Msane, Levi Mvabaza, mshairi Robert Grendon na T. D. Mweli Skota. Letanka, aliyekuwa na gazeti lake dogo kabla ya kujiunga, na Mvabaza ndio waliolibeba kwa muda mrefu. Wafanyakazi wa usafi wa jiji la Johannesburg, wabeba ndoo za choo, walipogoma mwaka 1918 kudai nyongeza ya mshahara, gazeti lilikuwa upande wao, na Letanka na Mvabaza walikuwa miongoni mwa waliokamatwa. Kampeni ya mwaka 1919 dhidi ya pasi, vibali ambavyo Waafrika walilazimishwa kubeba, nayo ililikuta palepale. Kufikia wakati huo Seme hakuwa tena mkono unaoliendesha.

Mwaka 1920, baada ya wachimba migodi Waafrika wapatao 70,000 kugoma, wenye migodi waligharamia gazeti jingine, Umteteli wa Bantu, ili kuwavuta wasomaji wa Abantu-Batho kuelekea siasa za upole. Mshindani huyo hakuwa takataka. Nontsizi Mgqwetho, mshairi mwanamke mkuu wa Kixhosa wa zama hizo, alichapisha humo mashairi yake katika miaka ya 1920. Umteteli lilikuwa na fedha za kulipa wachapaji kila Ijumaa. Abantu-Batho lilikuwa na haki upande wake na deni kwenye daftari. Lilifungwa mwaka 1931. Hata nakala zake hazikuhifadhiwa vizuri: hakuna maktaba yenye matoleo yote, na watafiti waliotoa kitabu cha kumbukumbu ya miaka mia moja mwaka 2012 walilazimika kuokota mabaki kutoka kumbukumbu za polisi, barua na magazeti mengine yaliyolinukuu. Hivyo gazeti lililoasisiwa ili sauti isipotee linasikika leo kwa sehemu kubwa kupitia masikio ya waliokuwa wakilipeleleza au kulipinga.

Kazi ya tatu, uwakili, ndiyo iliyoacha alama inayoshikika. Mwaka 1912 Seme alisimamia Native Farmers' Association of Africa, kampuni iliyonunua mashamba ya Daggakraal na Driefontein katika wilaya ya Wakkerstroom, kusini-mashariki mwa Transvaal, na kuyagawa vipande kwa wanunuzi Waafrika. Wanunuzi wengi walikuwa wapangaji na wazalishaji wa nusu kwa nusu kwenye mashamba ya Wazungu, watu waliokuwa na ng'ombe na ujuzi lakini hawakuwa na ardhi. Makaburu wa wilaya hiyo walipandwa na hasira. Malalamiko yao yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyoharakisha Sheria ya Ardhi ya Wenyeji ya Juni 1913, iliyowaruhusu Waafrika kumiliki ardhi katika takriban asilimia 7 tu ya nchi. Wakili mmoja alikuwa ametumia sheria ya mikataba kwa ustadi, na bunge likajibu kwa kubadilisha sheria yenyewe. Hata hivyo hati zilizokuwa zimeshatolewa zilibaki halali.

Uzito wa hati hizo ulionekana miaka sabini baadaye. Serikali ya ubaguzi iliita Driefontein "doa jeusi" ndani ya nchi ya Wazungu, ikatangaza kuwahamisha wakazi wake kwa nguvu kuwapeleka kwenye maeneo ya kikabila. Wenye viwanja walikataa wakiwa na hati za babu zao mkononi. Kiongozi wao, Saul Mkhize, aliuawa kwa risasi na polisi kwenye mkutano Aprili 1983. Kifo hicho kiliifikisha habari ya Driefontein duniani, na mwaka 1985 serikali ililazimika kuacha mpango huo. Seme hakuwa na mkono katika ushindi huo. Alikuwa amekufa zamani. Lakini bila karatasi za 1912 watu wa Driefontein wangekuwa na huruma ya ulimwengu tu, pasipo hoja ya kisheria.

Shauri lake kubwa zaidi lilikuwa la Swaziland. Mwaka 1907 Waingereza walikuwa wameigawa nchi hiyo, wakawaachia Waswazi kiasi cha theluthi moja ya ardhi, kwa kutambua vibali ambavyo wageni walipewa na mfalme Mbandzeni katika karne ya 19. Sobhuza II alipotawazwa mwaka 1921 alimwita Seme. Ujumbe ulikwenda London bila mafanikio, shauri likafunguliwa, na mwaka 1926 Baraza la Faragha, mahakama ya juu kabisa ya rufaa ya dola ya Uingereza, lilimkatalia Sobhuza. Uamuzi ulisema kwa ufupi kwamba katika nchi ya himaya mamlaka ya Taji juu ya ardhi hayazuiliwi na ahadi za zamani, na kwamba haki ya wenyeji ni ya kutumia ardhi zaidi kuliko kuimiliki. Wamasai walikuwa wamegonga ukuta uleule mwaka 1913, Ole Njogo na wenzake walipoishtaki serikali ya Afrika Mashariki ya Kiingereza kwa kuhamishwa Laikipia. Mahakama ilisema mkataba wao ni wa mataifa mawili, si wa kuletwa mbele ya hakimu. Kuyaweka mashauri hayo mawili sambamba kunaonyesha mipaka ya imani ya Seme katika karatasi. Hati iliweza kumlinda mnunuzi wa Daggakraal kwa sababu ilitambuliwa na sheria iliyoitoa. Mkataba wa mfalme au wa wazee ulisomwa na upande uliokuwa na bunduki.

Kushindwa huko kwa heshima hakukumvunjia jina. Mwaka 1928 Columbia ilimtunuku shahada ya udaktari wa heshima, na mwaka 1930 wajumbe wa ANC waliochoshwa na Josiah Gumede, rais aliyekuwa amezuru Urusi ya Kisovieti na kuwakaribia wakomunisti, walimchagua Seme badala yake. Kilichofuata ni kipindi dhaifu kuliko vyote katika historia ya chama hicho. Seme aliamini katika kujitegemea kiuchumi, vilabu vya biashara na heshima kwa machifu, na aliona migomo na maandamano kama hatari. Alipopingwa aliwafungia wapinzani milango. Matawi yalikauka, mikutano ikakosa wajumbe, na mwaka 1937 nafasi yake ikachukuliwa na Mchungaji Z. R. Mahabane. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1932, alifutwa katika orodha ya mawakili baada ya malalamiko ya wateja wake kuhusu ada walizolipa na kazi isiyofanywa.

Anguko hilo linastahili kutazamwa bila kulifunika na bila kulifurahia. Wateja wa wakili mweusi walikuwa watu waliochangishana shilingi kwa shilingi, kijiji kizima kikimlipa mtu mmoja awasemee. Kuchelewa kwa jalada lao hakukuwa usumbufu wa kiofisi; kulimaanisha kufukuzwa shambani. Ni kweli kwamba Seme alifanya kazi katika mazingira magumu, bila mikopo ya benki, bila wateja wenye makampuni, akitarajiwa na kila chifu kuishi kwa hadhi ya chifu. Ni kweli pia kwamba chama cha wanasheria kilichomshtaki hakikuwa rafiki wa mawakili weusi. Lakini uwakili una amana, na amana haina kipaji cha kuisaidia: fedha ya mteja ama ipo, ama haipo. Mwandishi wa wasifu wake, Bongani Ngqulunga, katika kitabu kilichotoka mwaka 2017 na kushinda tuzo ya Alan Paton mwaka uliofuata, aliweka mafanikio na makosa hayo katika maisha ya mtu mmoja, jambo ambalo kumbukumbu za chama zilikuwa zimelikwepa kwa miaka mingi.

Seme alirudishwa kwenye orodha ya mawakili mwanzoni mwa miaka ya 1940, na katika kipindi hicho cha mwisho alifanya jambo ambalo kwa kipimo cha kulea linazidi mengi ya ujana wake. Mwaka 1943 alimpokea ofisini kwake Anton Lembede awe mwanagenzi wa sheria. Lembede, mtoto wa kibarua wa shamba huko Natal, alikuwa amepata shahada zake kwa kujisomea kwa posta akiwa mwalimu. Mwaka 1944 alichaguliwa rais wa kwanza wa Umoja wa Vijana wa ANC, ambao miongoni mwa waasisi wake walikuwa Nelson Mandela, Oliver Tambo, Walter Sisulu na A. P. Mda. Mwaka 1946 akawa mshirika katika ofisi ya Seme. Mchana alishughulika na mashauri ya kila siku. Makala zake katika gazeti la Inkundla ya Bantu zilieleza utaifa wa Kiafrika ambao haukungoja ruhusa. Kuna ukaribu wa wazi kati ya fikra hizo na hotuba ya 1906, ingawa Lembede aliondoa subira iliyokuwamo. Alifariki Julai 1947 akiwa na miaka 33. Seme alimzika mrithi wake, akaishi miaka minne zaidi. Alifariki Juni 1951, akazikwa makaburi ya Newclare, zaidi ya mwaka mmoja kabla Mandela na Tambo hawajafungua ofisi yao ya uwakili mjini Johannesburg mwaka 1952.

Muungano wa kalamu, uhariri na sheria haukuishia kwa Seme. Nairobi, mwaka 1987, wakili Gitobu Imanyara alianzisha Nairobi Law Monthly, jarida la sheria lililogeuka kuwa uwanja wa kudai vyama vingi. Aliwekwa kizuizini mwaka 1990, akakamatwa tena mwaka 1991, na mwaka huohuo akapewa tuzo ya kimataifa ya Kalamu ya Dhahabu ya Uhuru. Tofauti ya mazingira ni kubwa, lakini sababu ya muungano huo ni ileile. Pale ambapo bunge limefungwa au limenunuliwa, mwanasheria ana maarifa ya jinsi watu wanavyoonewa kwa maandishi, na mhariri ana njia ya kuyatangaza. Kila upande unaupa mwingine kile usichokuwa nacho. Hatari nayo ni ileile: kazi zote mbili zinataka ratiba, hesabu na uvumilivu wa mambo madogo, na umaarufu wa mwanzo hauwalipi wachapaji wala wateja.

Katikati ya Johannesburg, mtaa uliokuwa ukiitwa Sauer sasa una jina la Pixley ka Isaka Seme, na makao makuu ya ANC yako kwenye mtaa huo. Durban nako barabara kuu ina jina lake, na Daggakraal iko ndani ya halmashauri inayoitwa kwa heshima yake. Malvern, kwa upande wake, haina tena wakazi ambao sheria iliipangia. Tangu miaka ya 1990 kitongoji hicho kimejaa Waafrika Kusini weusi kutoka majimboni pamoja na Wazimbabwe, Wamsumbiji na Wakongomani, miongoni mwao wazungumzaji wa Kiswahili kutoka mashariki mwa Kongo. Ghasia za Septemba 2019 dhidi ya wageni zilipita kando ya barabara hiyohiyo ya Jules, zikichoma maduka ya magari yaliyotumika. Kwa wengi wa wakazi hao swali la kila mwezi bado ni la karatasi: kibali cha ukimbizi, mkataba wa pango, cheti cha mtoto cha kuandikishia shule. Wanamhitaji wakili yuleyule aliyehitajiwa mwaka 1912, na wanahitaji zaidi kwamba ajibu simu.

Hesabu ya maisha ya Seme, basi, haitoki sawasawa. Hotuba yake imedumu kwa sababu haikuhitaji mlezi. Chama kimedumu kwa sababu wengine walikilea, wakiwamo waliomng'oa. Mashamba ya Wakkerstroom yamedumu kwa sababu wenye viwanja walizitunza hati na mmoja wao akafa akizitetea. Gazeti, lililokosa fedha za kudumu na mlezi wa kudumu, ndilo lililopotea. Hakuna hata kimoja kati ya vinne hivyo ambacho kingekuwapo bila yeye, na vitatu kati yake havidaiwi na yeye peke yake.